Marahaba, Hakuna Barua

Same, Jumapili usiku

Mwanangu Eliamani,

Katika kazi yangu habari kubwa huwekwa mstari wa kwanza, ili msomaji anayeitwa shambani kabla ya kumaliza awe ameshaipata. Nami nafanya hivyo hivyo. Miaka miwili iliyopita ile kampuni ya picha za sinema ya Dar es Salaam ilikuandikia kukuita kazini. Barua yao ilifika. Niliifungua, nikaisoma, nikaificha, kisha nikawajibu kwa jina lako kwamba kazi yao huitaki.

Hukushindwa lile jaribio. Ulichaguliwa.

Unaweza kuishia hapo. Yanayofuata ni maelezo tu, na maelezo hayarudishi miaka miwili. Habari za chandarua, sabuni na nyumba ya kufikia amekwisha kukueleza shangazi yako Nanzia, tena mara tatu, na makande ya njiani amekufungia. Mimi sina la kuongeza huko. Nina hili moja tu, na nimekaa nalo muda mrefu kupita kiasi.

Utauliza kwa nini nimesema leo. Sababu ya kwanza ni maneno uliyoniambia Ijumaa, ulipokuwa unafunga kamba sanduku lako. Ulisema, "Baba, nakwenda kuwaomba wanijaribu tena. Mara ya kwanza labda sikufaa." Uliyasema bila kunitazama, kwa sauti ya karani anayeomba ruhusa. Mimi nilijibu, "Kamba hiyo ikaze zaidi." Nimeripoti vifo, moto na mashauri ya kortini, na usiku nililala. Siku ile nilikwenda nyuma ya nyumba nikashindwa kuwasha sigara.

Sababu ya pili ni ya kikazi. Utakapotaja jina lako mlangoni kwao, meneja atalikumbuka. Kwake wewe si kijana aliyeshindwa. Ni kijana aliyewajibu kwa kiburi. Ni lazima ujue hilo kabla hujafika, usije ukasimama mbele yake huelewi kwa nini uso wake umekunjamana.

Sasa nikueleze aina ya mtu niliyekuwa, maana kosa hili halikuzaliwa juzi.

Kabla sijamwoa mama yako, nilipokuwa mwalimu msaidizi, Wazungu watatu walikuja na lori, wakapiga kambi chini ya mlima upande wa Makanya. Walikuwa wanatengeneza picha ya sinema ya kufundisha kilimo. Hadithi yenyewe hata mtoto angeimaliza: wakulima wawili, Msikivu na Mkaidi. Msikivu anamsikiliza Bwana Shamba, anavuna. Mkaidi analala, zamu yake ya maji inampita, anakurupuka, anakimbia, anateleza, anaanguka matopeni. Picha zao zote zilikuwa hivyo wakati ule, na nyingi ziko hivyo hadi leo. Kwa kuwa nilijua Kiingereza kidogo, walinichagua mimi. Nilidhani nitakuwa Msikivu. Nikapewa Mkaidi.

Siku ya kwanza niliamka kitandani nikapiga miayo mbele ya kamera, na wanawake waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mwoneni mwalimu! Kumbe ndivyo anavyoamka!" Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake nilikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Ulipofika wakati wa kuanguka, nilikunja goti moja, nikaweka mkono chini, nikajishusha taratibu.

"Anguka!" akasema yule Bwana wa kamera.

"Nimeanguka, Bwana."

"Hapana. Umeketi."

Tulirudia mara nne. Mara zote nne niliketi. Ndipo mpishi wao, Rajabu, mtu wa Hedaru, alipoweka mwiko chini akasema, "Bwana, kama ni kuanguka tu, mimi naanguka." Akapewa blanketi la Mkaidi. Alikuja mbio kama mtu ambaye watoto wake hawatakula mwaka ule, akateleza, akaanguka kama gunia. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha akainuka nusu, akayatazama matope mkononi mwake, akatazama juu mlimani maji yanakotoka. Kicheko kikakatika. Nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akisema, "Maskini. Maji yamempita."

Nilimfuata Rajabu akiwa anaosha vyombo. Nikamuuliza, "Huoni haya, watu wazima wakikucheka?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta uzi ulipokatika. "Mwalimu," akasema, "wanamcheka Mkaidi. Mimi Rajabu niko hapa nakwangua sufuria."

Lori lilipoondoka lilikwenda na Rajabu, wala hakuenda kama mpishi. Nilimwona kwenye picha nyingine tatu zilizoletwa na gari la sinema. Mimi nilirudi ubaoni kushika chaki, baadaye nikashika kalamu ya gazeti, na kwa miaka mingi nikawa nasimulia kisa kile kana kwamba mimi ndiye niliyekataa kudhalilishwa. Si kweli. Nililinda shati langu nikaua mchezo. Mtu yule aliyelala akapitwa na maji alikuwa na njaa, alikuwa na watoto, alistahili mtu wa kuanguka kwa niaba yake. Mimi nilimnyima.

Nakuandikia haya kwa sababu watakupa Mkaidi. Usijidanganye. Watakutazama, watasikia Kiswahili chako chenye mlima ndani yake, watakupa mjinga, mlevi, mtu afichaye ng'ombe mgonjwa. Utakuwa na hasira, na hasira hiyo itakuwa ya haki. Lakini usifanye kama mimi, kumcheza huku ukiwakonyeza watazamaji kwamba wewe binafsi umesoma. Mtafutie sababu yake ya kulala. Labda alichunga zamu ya jirani usiku kucha. Labda ana homa. Hadithi yao haitaitaja sababu hiyo, na meneja hatakuuliza. Wewe uijue tu. Mtu aliyeketi barazani katika kijiji cha Kileo akitazama picha ataijua, ingawa hataweza kukuambia ameijuaje.

Na usikubali kubaki Mkaidi maisha yako yote. Ukishawaonyesha unaweza kuanguka, omba siku moja kusimama. Omba kwa adabu, mara moja, kwa maneno machache, kisha nyamaza wasikie ukimya wako. Rajabu hakuomba kamwe. Mara ya mwisho nilipokutana naye Hedaru alikuwa mzee, na watoto wa dukani walimwita Mkaidi, naye aliitika. Sijui kama hapo bado alikuwa anajua sufuria iko wapi.

Sasa nije kwa mama yako, maana bila yeye hutaelewa.

Unaijua ndiva yetu ya Vudee. Maji ya kijito hulala bwawani usiku, asubuhi mdomo hufunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyapokea mferejini. Zamu ilikuwa kwa jina langu. Mimi nilikuwa Same, au Moshi, au Korogwe, naandika habari za zamu za watu wengine. Mama yako ndiye aliyesimama. Alikuwa na kanuni yake: maji yakukute, usiyafuate. Jua halijatoka yeye yuko shambani, jembe amelilaza juu ya mguu, mfereji umeshafagiliwa. Na zamu yake ikiisha aliuziba mdomo wa mfereji mwenyewe, bila kuambiwa, hata kama tuta la mwisho halijalowa. Alisema aibu kubwa kuliko kukosa maji ni kunywa ya mwenzako. Sijasikia mtu aliyeieleza kazi yako mpya vizuri kuliko hapo, ingawa hakuwahi kuona mchezo wowote. Zamu yako ya kusema ikukute umesimama. Ikiisha, ziba, mwache mwenzako anywe.

Ulikuwa na miaka tisa siku ile jirani alipoiba maji yetu. Mama yako alirudi nyumbani amelowa hadi magotini, akatuchezea kisa kizima karibu na mafiga: jirani akijifanya kiziwi, msimamizi wa ndiva akikuna kichwa, na yeye mwenyewe katikati na jembe lake. Alikuwa hodari. Wewe ulicheka ukagaragara. Mimi nilikuwa mezani na taa. Unakumbuka nilisema nini? Nilisema, "Nyamazeni, naandika."

Habari niliyokuwa naandika ilikuwa ya mkutano wa ushirika. Siikumbuki hata neno.

Basi miaka ikapita, mama yako akatutoka, na mwaka wa nne baada ya kumzika watu wa kampuni ile wakasimama hapa Same, wakafanya jaribio lao katika ukumbi, watu wamejaa hadi madirishani. Nami nilikuwepo na daftari. Vijana wengine walipanda jukwaani wakajitahidi kuwa wakubwa: wafalme, mawakili, askari. Wewe ulipanda ukaomba jembe. Ukafunga kanga ya shangazi yako kiunoni. Ukalaza jembe juu ya mguu. Nikajua ni nani aliyeingia kabla hujafungua kinywa.

"Wewe jirani," ukasema, "maji yangu yamelala kwako. Yaamshe."

Ukumbi ukacheka. Ukawa jirani, ukatega sikio. Ukawa msimamizi, ukakuna kichwa, ukauliza, "Mama, mwenye zamu ni mumeo. Mumeo yuko wapi aje aseme mwenyewe?"

Ukarudi kuwa mama yako. Ukanyoosha mgongo. Ukasema, "Mume wangu? Mtafuteni gazetini."

Ukumbi wote uligeuka kunitazama. Walicheka hata madirisha yakatikisika. Karani wa posta alinipiga bega, "Haya, mwandishi, ulipatikana ukurasa wa ngapi?" Nilitabasamu, nikaandika kitu daftarini. Ninalo daftari hilo. Nilichoandika ni mstari wa wino usio na herufi hata moja.

Lakini sikuondoka, na kwa hiyo niliona kilichofuata. Kicheko kilipokuwa bado juu, ulibaki umesimama na jembe lile. Hukucheka nao. Ulitazama mferejini, mahali ambapo maji hayakuwepo, ukainama ukaanza kuuziba. Polepole, kwa mikono, kama anavyoziba mtu aliyekwisha kujua hakuna atakayekuja. Wanawake walinyamaza kwanza, kisha wote. Nimekaa katika kumbi nyingi. Sijapata kusikia ukimya ule tena. Nilimwona meneja akiiweka kalamu yake chini.

Maneno yale ya gazetini, Eliamani, mama yako aliyasema kweli. Niliyasikia kwa masikio yangu, siku ile karibu na mafiga, nikajifanya naandika. Nilidhani hukuyashika.

Kesho yake nilipeleka habari ya jaribio kwa mhariri. Nilitaja ukumbi, idadi ya vijana, hali ya hewa. Majina nilitaja manane. Lako sikulitaja. Hilo ni kosa langu la kwanza, na lilichapishwa.

Baada ya wiki tano barua yao ilifika katika sanduku letu la posta. Ilisema maneno machache: njoo, mahali pako papo, tungependa uanze na sehemu ya mama. Sehemu ya mama. Niliona Tanganyika nzima ikigeuka kunitazama, kila mahali gari la sinema linapofika. Nilikaa mbele ya mashine ya taipu nikawajibu. Nilijua unavyoandika. Huanza na neno "Hakika," hukata sentensi fupi fupi, huweka alama ya mshangao mahali isipohitajika. Nilikujua vizuri kiasi cha kukughushi. Niliandika: "Hakika, nimefikiri. Kazi ya kuchekesha watu haimfai mtu aliyesoma! Msiniandikie tena." Nikaweka sahihi yako. Walioipokea hawakushuku lolote. Mtu aliyeshindwa kumcheza Mkaidi mara nne alikucheza wewe kwa nusu saa, bila kosa.

Kisha zikaja asubuhi zile. Ulikuwa unapita ofisini kwangu kabla ya kwenda bomani kwenye ukarani wako, unasimama mlangoni, unasema kwa pumzi moja, "Shikamoo baba, kuna barua?"

Nami nilijibu kwa pumzi moja, "Marahaba, hakuna."

Siku ya kwanza uliuliza kwa furaha. Mwezi wa pili uliuliza kwa adabu. Mwezi wa tano ulisema "Shikamoo baba" ukasimama kidogo, swali hukuliuliza tena, nami nikajibu ile nusu ya kwanza tu. Nililala vizuri siku ile. Nakuandikia jambo hilo kwa sababu ni kweli.

Nimekutazama miaka miwili kwa jicho la kazi, na niliyoyaona nayaweka hapa. Uliacha kuiga watu. Ulianza kusema chini chini. Kwenye arusi ya binti wa Nanzia wazee walikuomba uwafanyie yule bibi wa ndiva, ukawaambia, "Wazee wangu, kipaji hicho sina. Nilipimwa." Ulitumia neno hilo, nilipimwa, kama mtu anayetaja ugonjwa. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeshika sahani ya wali. Ningeweza kusema. Nikala.

Kwa hiyo usiende kuwaomba. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na kama una haraka ya kunikasirikia, shika kwanza hili moja. Mtu anayeomba huingia mlangoni akiwa amejikunja, na kamera huona mkunjo huo kabla ya kuona uso. Nenda kama mtu aliyeitwa akachelewa. Ndivyo ulivyo. Waambie jina lako kwa sauti uliyoitumia ukumbini. Watakaokukataa baadaye watakuwepo, kwa haki na kwa upuuzi, kwa kuwa mrefu, kwa kuwa Mpare, kwa kuwa siku ile wamechoka. Mimi nimekataliwa habari nzuri na kuchapishiwa mbaya. Uliza kosa liko wapi, wakikuonyesha, jifunze, wasipokuonyesha, chukua kofia yako. Lakini usimwachie tena mtu yeyote akupime kwa kukaa kimya. Safari ijayo barua isipofika, panda basi ukaulize mwenyewe. Angekuwa mama yako, wiki ya pili tu angekuwa amesimama mlangoni kwao na jembe.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni barua yao, na tarehe yake, na alama ya mkunjo mahali nilipoikunja kuificha ndani ya kamusi. Ya pili ni yangu kwa meneja, nimeitia sahihi kwa jina langu. Nimemweleza kwamba jibu lile la kiburi lilikuwa langu, kwamba wewe hukujua. Gazeti likikosea huchapisha sahihisho, dogo, chini ya ukurasa, mahali ambapo hakuna asomaye. Hili sikulifanya dogo. Mpe mkononi, au ichane, au iweke hadi siku utakapoihitaji. Ni mali yako, kama ilivyokuwa ile ya kwanza.

Wakikupa tena ile sehemu ya mama, ichukue. Usifute neno la gazetini. Nitakwenda kuitazama gari la sinema litakapofika Same, nitasimama mbele, watu wageuke wanitazame kadiri wanavyotaka. Watakuwa wanamcheka mume wa yule mama. Sitasema kwamba mimi niko pembeni nakwangua sufuria, maana huyo mume ni mimi.

Basi linapita saa moja. Bahasha hii naiweka juu ya sanduku lako, utaikuta unapoamka, kwa hiyo tutakapofika barabarani utakuwa umekwisha kusoma. Kutakuwa na watu pale, majirani, shangazi yako, karani wa posta. Kwetu hapa mtoto humwamkia baba yake hata akiwa amemchukia, ili watu wasijue. Usinifanyie hivyo. Usiniamkie kwa ajili ya macho yao. Umejifunza kazi ya kuigiza ili watu waone ukweli, na mimi nimeitumia miaka miwili kuuficha. Katika nyumba hii inatosha. Kama shikamoo haipo, panda basi. Nitasimama pale pale hadi vumbi liishe, na yeyote akiniuliza mbona kijana hakuniamkia, nitamweleza sababu, yote, kuanzia mstari wa kwanza.

Na kama utasimama mbele yangu ukauliza ile nusu ya pili tu, "Kuna barua?", bila shikamoo, ninalo jibu. Ipo. Ilikuwepo siku zote.

Baba yako